Hapa hata kifaru kingenasa

Najua nimepotea muda mrefu, msinilaumu, mitihani ilinibana halafu bumu likachelewa kama kawaida yake. Sasa nimerudi, na leo sina habari za kantini wala za nani kahama bweni gani. Leo nina historia. Wale mnaokimbiaga nikianza historia, kwaherini, tuonane wiki ijayo. Wengine vuteni viti.

Imeanza hivi. Aprili nilikuwa nyumbani Kirua Vunjo, masika imekolea, na bibi akanituma nikaangalie shamba la mahindi chini tambarare, upande wa kuelekea Kahe. Si mnajua watu wa mlimani tulivyo, kihamba kiko juu kwenye migomba na kahawa, shamba liko chini kwenye joto. Tumeshuka kwa Noah, tumejazana watu kumi na moja, udongo mwekundu wa kwetu ukaisha, ukaanza udongo mweusi. Hapo ndipo Noah ilipokaa. Sio kukwama, KUKAA, mpaka sakafu imegusa tope. Dereva anazungusha tairi, tope linaruka mpaka kwenye kioo. Mzee mmoja aliyekuwa siti ya mbele akashuka taratibu, akakunja suruali, akasema, "Wanangu, acheni kumsumbua huyu dereva. Hapa hata kifaru kingenasa. Shukeni tusukume."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, halafu nikanyamaza, kwa sababu muhula uliopita nilikuwa nimeandika insha ya vita ya kwanza ya dunia huku kwetu, na nilikuwa nimepita juu juu jambo hilo hilo bila kulitilia maanani. Tope lile tulilosimama ndani yake lilishawahi kulisimamisha jeshi zima lenye magari ya deraya, mizinga, farasi na jenerali mwenye jina kubwa. Mwaka 1916. Nikarudi chuo nikaanza kusoma upya, safari hii sio kwa ajili ya maksi.

(Kwanza kidogo kwa wapenzi wa lugha. Kifaru mnyama ni "yule kifaru amenasa". Kifaru chombo ni "kile kifaru kimenasa". Mzee alisema kingenasa, kwa hiyo alimaanisha chuma. Haya, tuendelee.)

Mwaka 1916 mwanzoni vifaru vyenyewe vilikuwa havijaonekana vitani popote duniani. Waingereza waliviingiza vitani mara ya kwanza Septemba 15, 1916, huko Somme, Ufaransa. Kilichokuwepo kabla ya hapo ni magari ya deraya, yaani gari la kawaida la matairi lililovishwa mabati ya chuma na kuwekewa bunduki ya rashasha juu. Habari ya namna yalivyotengenezwa inanifurahisha sana. Mwaka 1914 vita ilipoanza, maofisa wa kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza walikuwa Dunkirk, wanazunguka na magari yao kwenye barabara nzuri za Ubelgiji na Ufaransa, wakaamua kuyavisha vyuma kwenye karakana ya meli pale pale. Ikafanya kazi. London wakaona, wakachukua chesisi za Rolls-Royce Silver Ghost, gari la matajiri lile, wakabuni umbo lenye mnara wa duara unaozunguka na rashasha ya Vickers ndani yake. Ya kwanza yalikuwa tayari Desemba 1914. Gari moja uzito wake kama tani 4.

Tatizo ni kwamba yalipokuwa tayari, vita ya Ufaransa ilishaingia kwenye mahandaki. Hakuna barabara ya kukimbilia, kuna mashimo, tope na waya wa miiba kuanzia baharini mpaka Uswisi. Magari mapya kabisa, kazi hakuna. Sasa ukiwa na kitu ghali ambacho hakina kazi nyumbani unafanyaje? Unakipeleka kwingine. Yakapelekwa Misri, yakapelekwa Gallipoli, na mengine yakapelekwa Afrika ya Kusini Magharibi ya Wajerumani, Namibia ya leo. Kule yalifanya vizuri, hasa pale Trekkopjes Aprili 1915, kwa sababu kule ni jangwa, pamekauka, unaona mbali, na gari linazunguka linavyotaka. Kutoka huko baadhi wakaletwa kwetu. Kamanda wao, Whittall, alikuja kuandika kitabu kuhusu safari hizo mbili, kilitoka mwaka 1917. Kikaja na kikosi kingine chenye magari ya deraya yaliyojengwa juu ya lori za Leyland, mazito zaidi ya yale.

Fikiria hiyo safari ya kimawazo. Gari limebuniwa kwa barabara za mawe za Ubelgiji, likasifiwa jangwani Namibia, halafu linashushwa Mombasa kwenda kupigana chini ya Kilimanjaro, mwezi mmoja kabla ya masika. Hapa ndipo ninapotaka tuzungumze. Vitabu vingi vinasimulia vita ya huku kama mchezo wa bao kati ya watu wawili, Jan Smuts huku na Paul von Lettow-Vorbeck kule. Mimi nikisoma naona mchezaji wa tatu, ambaye ni mlima wetu, na wachezaji wa nne ambao hawatajwi majina, nitafika kwao.

Turudi nyuma kidogo. Agosti 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaichukua Taveta, ardhi ya Waingereza. Kutoka hapo walikuwa wanatuma vikundi vidogo kwenda kulipua reli ya Uganda, ile ya kutoka Mombasa. Makao makuu ya Lettow-Vorbeck kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho yalikuwa Moshi Mjini, wakati huo ikiitwa Moshi Mpya, na sababu ni ya usafirishaji tu: reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Chakula cha jeshi lake la huku kilitoka kwa wakulima wa huku huku. Kwa hiyo Mjerumani ana reli mgongoni, ana mlima wenye chakula na maji, na mbele yake kuna nyika kavu yenye miiba inayomtenganisha na adui. Akiwa amekaa tu tayari ana ngome.

Mwingereza yeye yuko Voi. Kutoka Voi mpaka Taveta ni kilomita mia na ushee za nyika ile ya Tsavo. Waliopita njia hiyo wanaijua, vumbi jekundu na mibuyu, na maji ya kuhesabu kwa kikombe. Hebu tupige hesabu ya darasa la saba. Machi 1916 Smuts alikuwa na watu karibu 27,000 upande huu. Kila mmoja ale kilo moja tu kwa siku, hizo ni tani 27. Kila mmoja apate lita nne za maji, ya kunywa na kupikia, asioge, hizo ni lita 108,000 kwa siku. Bado farasi, bado nyumbu, bado ng'ombe, na farasi mmoja anakunywa maji ya watu wengi. Bado rejeta za magari, bado zile rashasha za Vickers ambazo zenyewe zinapozwa kwa maji. Ndiyo maana nasema kabla ya risasi vita hii ilikuwa ya mabomba na mataruma.

Na hapa lazima niwape haki yao, walipanga vizuri. Tangu mwanzoni mwa 1915 wahandisi wa reli kutoka jeshi la India walianza kujenga reli mpya kutoka Voi kuelekea magharibi. Juni 1915 ikafika Maktau. Januari 1916 ikafika Mbuyuni. Bomba la maji likavutwa kutoka milima ya Bura, na treni zikabeba maji ya ziada. Mbuyuni ikawa mji wa mahema, maghala na vumbi. Kazi kubwa ya hayo maandalizi ilifanyika kabla Smuts hajafika, chini ya Jenerali Tighe, ambaye leo ukimtaja hata kwenye semina watu wanakutolea macho. Smuts amefika Februari 19, 1916, meza imeshaandaliwa.

Wiki moja kabla hajafika kulitokea aibu. Februari 12 Waingereza walishambulia kilima cha Salaita, mashariki ya Taveta. Brigedi ya Afrika Kusini, vijana wageni kabisa hawajawahi kuona nyika hii, mizinga 18, na magari ya deraya yalikuwepo. Wakapigwa. Brigedi ile ilipoteza zaidi ya watu 130 waliokufa na kujeruhiwa, na walionusurisha hali ni Wabaluchi wa jeshi la India ambao asubuhi yake wazungu wale walikuwa wanawaona si lolote. Gari la deraya lilisaidia nini hapo? Lilikuwa na nguvu pale lilipoweza kufika. Lakini Salaita imezungukwa na kichaka cha miiba ambacho huoni mbele zaidi ya hatua chache, na kazi yote ya gari la deraya inategemea vitu viwili, kuona mbali na kupita. Namibia ilimpa vyote. Taveta ikamnyima vyote. Hakuna aliyepima kichaka hicho kabla ya kuamua gari lipi lije.

Smuts hakuwa mjinga. Februari 23 alimpigia Kitchener simu ya maandishi kule London kwamba yuko tayari kuichukua Kilimanjaro kabla ya mvua. KABLA YA MVUA. Alijua tarehe. Kwa hiyo mpango mzima ulikuwa mbio na masika. Machi 5 Jenerali Stewart akatoka Longido kuzunguka mlima kwa magharibi, akianza na nchi isiyo na maji. Machi 8 van Deventer na wapanda farasi wakazunguka Salaita kwa upande wa ziwa Chala, Wajerumani wakaiacha Salaita bila kupigana. Machi 11 na 12 wakapigana vibaya usiku kwenye vilima vya Latema na Reata, vile vinavyoonekana ukiwa unatoka Himo kwenda Taveta. Mpaka Machi 14 Moshi imechukuliwa.

Sasa simameni na mimi Kirua siku moja ya anga safi. Mbele chini ni tambarare ya Kahe. Kushoto ni Himo, nyuma yake Taveta. Mbali kusini milima ya Upare. Ukiwa pale juu unauona uwanja wote wa vita kama meza, na unajiuliza kwa nini wasingefunga tu mlango pale Kahe Wajerumani wote wakashikwa. Ndio ulikuwa mpango, Stewart aje kwa magharibi afunge. Lakini Stewart alichelewa, madaraja ya upande wake yalikuwa yamevunjwa na kila mto unaoshuka mlimani una korongo lake. Sisi tuliozaliwa huku tunajua, kutoka kijiji hiki kwenda kile unaweza kumwita mtu akaitika, lakini kumfikia unashuka korongo na kupanda korongo. Ramani iliyochorwa haionyeshi uchovu huo. Wajerumani wakarudi Kahe, wakapigana tena Machi 21 kwenye mito na vichaka vya pale, halafu usiku wakalipua mzinga mkubwa wa meli ya Königsberg waliokuwa nao pale ili usichukuliwe, wakavuka mto Ruvu, wakaondoka zao kwenda Upare. Daraja la reli walishalivunja.

Halafu mvua ikafika.

Hapa niwaeleze wale wa pwani na wa bara. Masika yetu haihitaji kunyesha mahali ulipo ili ikuharibie. Juu kwenye miteremko inanyesha zaidi ya mara mbili ya inavyonyesha chini. Maji yote yale yanashuka kwa Himo, Mue, Rau na mito mingine isiyo na idadi, na mengine yanapita chini ya ardhi yanakuja kutokea Kahe kama chemchemi. Kwa hiyo tambarare inaweza kuwa na jua na bado ikafurika. Na ule udongo mweusi ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mguu, ukilowa unavimba na kushika kama ulimbo. Wazee wa huku hawakuishi pale chini kwa makusudi. Walijenga mifongo kuyachukua maji juu, wakakaa juu, na chini wakapaacha kwa kulima kwa msimu. Hiyo nayo ni mipango ya mazingira, tena imekaa miaka mingi kuliko jeshi lolote. Kama kuna ofisa aliyekaa na mzee mmoja wa Kirua au Kilema akamuuliza "hapa chini mwezi wa nne pakoje?", mimi sijamwona kwenye ripoti yoyote niliyosoma.

Barabara ya Taveta mpaka Moshi, ambayo leo ni lami unaitafuna kwa chini ya saa moja, ikageuka bwawa. Reli mpya ilikuwa inasukumwa kutoka Taveta kuja kuungana na ile ya Tanga hapo Kahe, nayo inapita kwenye kinamasi. Lori zikazama. Wakagundua kitu ambacho kila fundi wa Majengo angewaambia, kwamba gari jepesi ni bora kuliko gari lenye nguvu. Ford ndogo ikinasa, watu sita wanainyanyua. Gari la deraya la tani 4 likinasa unalitazama. Kwa hiyo zile silaha za kisasa kabisa za jeshi lile zikabaki kulinda barabara na kusindikiza misafara pale penye barabara. Smuts akakaa Moshi akisubiri, na safari ya kushuka Pangani haikuanza mpaka nusu ya pili ya Mei. Miezi miwili. Lettow-Vorbeck alipewa zawadi ya miezi miwili na wingu.

Na msidhani upande wa pili walikuwa wamekaa wanakunywa chai. Wajerumani walikuwa wamezingirwa baharini, hakuna petroli wala matairi yanayoingia. Wakatengeneza matairi kwa mpira wa mashambani. Wakatengeneza kitu walichokiita trebol, mafuta ya gari yaliyotokana na nazi! Kutoka Mombo wakatandika reli ndogo mpaka Handeni kwa mataruma ya mashambani, mabehewa yanasukumwa kwa mikono. Mikono ya nani? Si ya Wajerumani.

Nimefika kwa hao sasa.

Aprili, badala ya wote kusubiri, Smuts alimtuma van Deventer aende Kondoa Irangi kupitia Arusha. Walifika Kondoa Aprili 19 huku farasi wakiwa wamekufa njiani kwa mamia, kwa ndorobo, njaa na uchovu. Mvua ikawakata nyuma yao. Gari haliendi, mkokoteni hauendi, ng'ombe wanakufa. Chakula kikabebwa kichwani kutoka Lolkisale, karibu kilomita 190.

Nikapiga hesabu nyingine, hii ni yangu mwenyewe, mnaweza kunikosoa. Mpagazi anabeba kilo 25. Anatembea kilomita 20 kwa siku kwenye tope, na hapo nimemwonea. Siku kumi kwenda, siku kumi kurudi. Akila kilo moja kwa siku kutoka kwenye mzigo wake, atakuwa amekula kilo 20. Anafikisha kilo tano. Kilo tano za unga Kondoa zimegharimu siku ishirini za maisha ya mtu. Sasa ofisa wa ugavi akiikuta hesabu hiyo mezani ana njia mbili, aongeze wapagazi au apunguze wanachokula. Walifanya yote mawili. Wapagazi wengi walikula unga usioiva, kwa sababu hawakuwa na muda wala kuni wala sufuria za kutosha, na watu waliozoea ndizi au mtama wakapewa mahindi mabovu. Kuhara damu kukawaua kuliko risasi. Hilo lilijulikana wakati ule ule. Oscar Watkins, aliyekuwa anasimamia kikosi cha wapagazi Nairobi, alilalamika sana kuhusu chakula na matunzo yao, na hakusikilizwa haraka.

Kwa vita nzima Waingereza walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja ukijumlisha nchi zote, na hesabu zao wenyewe za waliokufa zinakaribia 100,000. Upande wa Wajerumani hata hesabu ya namna hiyo haikuwekwa. Nchi ilipotekwa, watu waliokuwa wapagazi wa Mjerumani wakageuzwa wapagazi wa Mwingereza, mzigo ule ule, lugha ya matusi tu ndiyo imebadilika. Kariakoo ya Dar tunakoenda kununua mitumba ni jina lao, Carrier Corps, na Nairobi wana Kariokor yao. Debe nalo, lile la kupimia mahindi sokoni, ndilo lililokuwa linabebwa: debe la petroli lina galoni nne, lita 18, na madebe mawili yanakaribia kilo 30, mzigo wa mtu mmoja au zaidi kidogo. Kwa hiyo pale lori lilipokwama, petroli ya kuendeshea gari la deraya ilitembea kichwani kwa mtu. Gari lilikuwa la kisasa mpaka pale barabara inapoisha, baada ya hapo lilikuwa linaendeshwa kwa shingo.

Nilimwonyesha rafiki yangu wa uhandisi rasimu ya hii, akaniambia nawaonea, kwamba kila jeshi linajifunza kwa kukosea. Ni kweli kwa upande wa mashine. Vita ya pili ilipofika Afrika Kusini walitengeneza gari lao la deraya wenyewe, Marmon-Herrington, chesisi ya Ford, chuma cha nyumbani, na baadaye injini ikavuta matairi yote manne. Walitengeneza zaidi ya 5,000, na mengine yalipitia Kenya mwaka 1940 kwenda kupigana na Waitaliano. Na sisi wenyewe mwaka 1978 tulilijua somo hilo kwa uchungu. Amin alipovunja daraja la Kyaka Novemba 3, JWTZ ilikuwa na vifaru lakini mto Kagera ulikuwa mbele na ilikuwa vuli. Malori na mabasi ya watu binafsi yakachukuliwa kubeba askari na vyakula zaidi ya kilomita elfu moja, likatandikwa daraja la muda, ndipo vifaru vikavuka. Machi 1979 kule Lukaya wakajikuta kwenye barabara moja katikati ya kinamasi, kifaru hakina pa kukwepea. Waliopigana kule ukikaa nao hawaanzi na risasi, wanaanza na matope.

Lakini swali langu kwa yule rafiki lilikuwa, mashine imejifunza, wapagazi je? Aliyekufa Lolkisale alijifunza nini?

Makaburi yanajibu kwa namna yake. Taveta kuna makaburi ya jeshi yaliyotunzwa vizuri sana, majani yamekatwa, askari wa Afrika Kusini waliokufa Salaita na Latema wana mawe yenye majina. Moshi yapo. Maktau kuna ya Wahindi. Dar es Salaam mpagazi amewekwa pamoja na askari kwenye ile Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 pale mjini, na ukiitazama unaona askari na bunduki yake, mzigo huuoni. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba radhi. Imechukua zaidi ya miaka mia moja kuhesabu watu ambao madebe yao yalihesabiwa kila jioni.

Jioni ile nilipofika nyumbani nimejaa tope nilimuuliza bibi kama kuna mtu wa ukoo wetu alibeba mizigo vita ya Wajerumani. Akafikiri, akaniambia kuna mmoja, kaka wa babu yake, aliondoka akiwa kijana. "Wakasema amekwenda Kariakoo. Mimi nikiwa mdogo nilidhani amekwenda sokoni." Jina lake alilikumbuka la nyumbani tu. Nimeliandika kwenye daftari, halipo kwenye orodha yoyote niliyoweza kuifungua.

Noah yetu? Ilitoka saa kumi na moja jioni. Watu tisa, kamba ya katani, jembe moja la kuazima na matawi ya mgunga chini ya tairi. Yule mzee ndiye aliyekuwa anatupigia hesabu, moja, mbili, tatu, na dereva akatudai nauli kamili.

Haya wadau, saa saba usiku sasa na kesho nina semina saa moja asubuhi, bado sijasoma hata desa. Usiku mwema.